Haikuwa TB

Mbugangari, Gisenyi
Jumapili mchana, 1999

Mwanangu Devota,

Barua ya mtu mwenye adabu huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Umetoka hapa nusu saa iliyopita ukiwa umeshiba viazi na sambaza, vile visamaki vya ziwani, umevaa viatu vya mama yako bila kumwomba ruhusa. Wewe na mama yako mmepanda basi dogo la Rubona kwenda kumuaga shangazi yako, na shangazi yako hamwachii mgeni kabla ya chai ya pili. Kwa hiyo nina saa tatu, meza, na nyumba iliyo kimya. Kesho asubuhi tutakuwa wote hapa na ningeweza kukuambia kwa mdomo, najua. Nimejaribu kwa mdomo. Mwezi huu nimejaribu mara nne, na mara zote nne nimeishia kukuuliza kama umeiona miwani yangu.

Habari za neti, za sabuni, za nani wa kusalimia na nani wa kumkwepa huko chuoni Butare, mama yako amezimaliza. Akikumbuka nyingine atakupigia kelele dirishani gari likiondoka. Mimi nina jambo moja tu.

Jambo lenyewe linahusu ile fomu ya afya ya chuo. Jana uliiacha hapa mezani na kalamu juu yake, ukasema, "Baba, imebaki sahihi yako tu." Umeijaza vizuri, mwandiko wako unapendeza kuliko wangu. Kwenye mstari unaouliza magonjwa makubwa uliyowahi kuugua, umeandika: TB ya tezi, nikiwa na miaka minane, nimepona. Chini yake pana nafasi ya mzazi kuthibitisha kwamba yote yaliyoandikwa hapo juu ni kweli.

Kazi yangu unaijua. Tangu bandarini Mwanza hadi hapa mpakani, mimi ni mtu wa kuandika kwenye karatasi kilichomo ndani ya mzigo wa mtu mwingine, kisha kuweka sahihi. Hapa wananiita déclarant, na wewe ukiwa umenuna huniita hivyo hivyo, Bwana Déclarant. Nimesaini saruji, nimesaini chumvi, nimesaini magodoro na mafuta ya kupikia. Mama yako amechoka kunisikia nikijisifu kwamba hakuna gari langu lililowahi kurudishwa kwa sababu karatasi inasema hiki na ndani kimo kile. Basi jana, ulipokwisha kulala, nilishika kalamu nisaini fomu ya binti yangu mwenyewe, na nikashindwa.

Haikuwa TB, Devota. Ilikuwa saratani. Saratani ya tezi, iliyoanzia shingoni upande wa kushoto na kushuka kifuani. Ulipona, hiyo ni kweli, na ndiyo kweli pekee iliyomo kwenye mstari ule.

Sasa vuta kiti, kama umesoma hapo umesimama.

Nataka ujue jinsi uongo huu ulivyozaliwa, si kwa kujitetea. Ulizaliwa ukiwa kweli. Ulipotokwa na uvimbe wa kwanza, mdogo kama punje ya harage, hospitali ya Mwanza walisema ni TB ya tezi, kwa kuwa watoto wengi wenye uvimbe wa namna ile huwa nayo. Wakakupa dawa na sindano. Mimi nikawaambia majirani TB, nikamwambia mwalimu wako TB, nikamwandikia bibi yako TB. Miezi ikapita na vivimbe vikawa viwili, vitatu. Daktari mwingine akakata kipande, akakituma Dar es Salaam, na majibu yalipokuja akaniita mimi peke yangu. Mama yako alikuwa nje na wewe mkimenya machungwa. Akaniambia jina la ugonjwa. Unajua swali langu la kwanza lilikuwa nini? Nilimwuliza kama barua ya kukupeleka Dar inaweza kuendelea kuandikwa TB.

Akanitazama. Akasema, "Mzee, ugonjwa hausomi barua."

Kwa hiyo sikutunga uongo. Niliacha tu kurekebisha tamko la mzigo. Katika kazi yetu kosa hilo linajulikana sana: umeandika kwa nia njema, mzigo umefunguliwa, kumbe ndani kuna kitu kingine, na wewe unaona tabu kurudi ofisini kuomba karatasi mpya. Unajitia hamnazo. Nilikuwa nawafokea vijana wa kazini kwa kosa hilo hilo, mwaka ule ule.

Sababu zangu zilikuwepo. Sisi Wanyarwanda tuliokuwa Mwanza tulikuwa wachache na tulijuana hadi rangi ya mapazia. Mke wa jirani yetu alipougua saratani, watu waliacha kunywa maji nyumbani kwake. Wengine walisema karogwa, wengine walisema imo katika ukoo. Bibi yako alipokuja kukuona, nilimnong'oneza jina lenyewe, na yeye akaziba kinywa changu kwa kiganja chake, mimi mtu mzima na ndevu. Akasema, "Hilo jina likiingia ndani ya nyumba halitoki. Na huyu ni msichana." Nilielewa. Siku ya kuja kuposa, watu wa upande wa pili huwa wameshauliza majirani. TB ni mgeni, anakuja na anaondoka. Saratani walidhani ni ndugu wa damu.

Basi nikakata shauri. Bandarini tulikuwa na mizigo ya transiti, ile inayopita tu katika nchi kwenda nchi nyingine. Inafungwa lakiri ya risasi na hakuna ruhusa ya mtu kuifungua njiani. Nikaona ugonjwa wako nao upite hivyo: umeingia, umefungwa, utatoka, hakuna atakayejua kilichokuwemo. Nilisahau kitu ambacho hata mwanafunzi wa wiki moja anakijua. Mzigo wa transiti una karatasi inayogongwa mhuri mpakani unapotoka, kisha ikarudishwa ofisini. Isiporudi, kwa sheria, mzigo ungali ndani ya nchi.

Tulikwenda Dar kwa treni, siku mbili. Wewe unakumbuka treni, unakumbuka mayai ya kuchemsha ya stesheni, na unakumbuka wino. Nitarudi kwenye wino. Ulipigwa mionzi ya shingo na kifua kwa wiki kadhaa, na kabla yake na baada yake ukapewa dawa za mshipani zilizokunyonyoa nywele na kukutapisha mpaka ukawa unatapika ukiona tu gauni jeupe la nesi. Sikuwa baba hodari wodini. Mama yako alikaa kitandani pako, mimi nilikaa ukumbini na kusoma matangazo ya ukutani. Huko ukumbini ndiko nilikojuana na Athumani, dereva wa malori, ambaye binti yake Rehema alilala kitanda cha pili kutoka chako, na ugonjwa wenu ulikuwa mmoja. Utamkumbuka Rehema, alikuwa akikuibia kijiko.

Siku ya kutoka, daktari wa pale alituita wazazi wote wawili. Alikuwa mtu mpole, anaongea polepole kama anayeogopa kumwaga kitu. Maneno yake ninayo mpaka leo, maana niliyaandika nyuma ya tiketi ya treni. Alisema mtoto amepona. Alisema dawa iliyomponya ni kali, na mahali mionzi ilipopita, na hata kwenye damu, huweza kuzuka baadaye saratani nyingine, si ile ya zamani kurudi, ni mpya kabisa. Si kesho. Baada ya miaka kumi, ishirini, pengine zaidi. Alisema wengi haiwapati. Lakini anayeweza kupatwa lazima ajue, ili akiona kitu asikae nacho. Kisha akasema, "Mleteni kila mwaka tumtazame. Na akikua, mwambieni. Mwili ni wake."

Mama yako alilia, mimi nikakunja tiketi nikaitia mfukoni.

Nilikupeleka mara mbili. Mwaka wa kwanza na mwaka wa pili, na mara zote ulionekana huna kitu. Mwaka wa tatu ulikuwa darasa la tano na ugonjwa wako mpya ulikuwa kusoma. Ulisoma mabango ya maduka, ulisoma maandishi ya magunia, ulisoma hata gazeti lililofungiwa karanga. Na kwenye mlango wa ile kliniki palikuwa na kibao, kwa herufi kubwa, kinachosema wazi kliniki ile ni ya ugonjwa gani. Nilikaa na tiketi mbili za treni mkononi, nikafikiria kile kibao, nikazirudisha kwenye dirisha la tiketi. Mama yako nilimwambia daktari amesema inatosha. Hiyo sasa haikuwa kuacha kurekebisha. Huo ulikuwa uongo mtupu, mzima, wenye miguu yake miwili.

Kwa hiyo hujatazamwa tangu wakati huo. Kwa sababu ya kibao.

Mama yako usimlaumu. Tangu alipojua kwamba daktari hakusema hivyo, na hasa tangu ulipovunja ungo, amekuwa akitaka ujue. Kila mara nilikuwa na jibu. Kwanza nilisema bado mdogo. Kisha nikasema asimalize shule na mawazo. Kisha tukarudi nchini baada ya mauaji, na hapo nikapata jibu kubwa kuliko yote: nchi imejaa makaburi, kila nyumba inahesabu wasiorudi, nani ataanza kuzungumzia ugonjwa uliokwisha pona wa mtoto aliye hai? Nililitumia jibu hilo miaka minne, na leo naona haya kuliandika.

Sasa habari ya mwaka jana. Ulikohoa wiki tatu kwa ajili ya lile vumbi la barabarani, tukaenda kwa daktari hapa mjini. Alikuuliza umewahi kuugua nini. Ukajibu upesi, kwa Kiswahili chako kipya cha hapa ambacho mimi kinanipiga chenga:

"TB, docteur. Mi nilikuwa mutoto."

"Bon. Donc TB. Ulikunywa dawa muda gani?"

"Mwaka muzima. Na walinipiga radio mingi sana, docteur, kila siku. Walinichora hata na wino, hapa na hapa."

Akacheka, kwa kuwa radio kwenu hapa ni picha ya eksirei tu. "Radio haina wino, mademoiselle."

Kisha akanigeukia mimi. Nilikuwa kwenye kiti, nimeshika koti lako. Mlango ulikuwa wazi kabisa, mwanangu, na aliyekuwa amesimama pale alikuwa daktari. Nikasema, "Watoto hukumbuka mambo vibaya, docteur."

Tulipotoka, njiani ukaniambia, "Labda niliota." Nami nikasema labda.

Katika yote niliyokufanyia, hilo ndilo linaloniuma. Mengine niliyaficha. Hilo nilikunyang'anya. Ulikuwa na kumbukumbu iliyo sawasawa, nikaifanya ndoto mbele ya mtu aliyeihitaji ili akutibu. Na hata hapo sikusema kitu mwaka mzima, kwa kuwa kikohozi kilipona, na mtu akiponea chupuchupu hujiona mwerevu.

Watu wawili ndio walionitoa hapo. Wa kwanza ni Mama Furaha wa hapo nyuma, yule anayevuka mpaka pale Petite Barrière kila asubuhi na maharagwe kichwani. Unamjua, na kisa chake umekisikia, mji mzima umekisikia. Lakini wewe ulikisikia kama kichekesho, nami nilikuwepo. Anarudi kutoka Goma, jua la saa saba, foleni ndefu. Amevaa vitenge ndani kwa ndani asivilipie ushuru, kajifunga kama mtoto mchanga, na juu kavaa sweta. Mara akaanguka chini puu. Watu wakasema apewe hewa. Wakafungua kitenge cha kwanza, kuna cha pili. Wakafungua cha pili, kuna cha tatu. Na yeye, macho yamemgeuka, bado anashikilia pindo: "Muniache! Muniache, mi niko muzima!" Walipofika cha saba askari akauliza, "Mama, we uko mutu ama uko duka?" Foleni nzima ikacheka, na mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Alipozinduka nilimpa maji, nikamwuliza kwa nini hakulegeza hata kimoja alipoona jua linamzidi. Akanijibu, "Papa déclarant, nilisema heri nikufe kuliko nifungue. Ona sasa, banafungua benyewe, mbele ya batu bote."

Niliendelea kucheka njia nzima. Nilipofika nyumbani nilikukuta unaanua nguo kambani, shingo yako ikiwa wazi juani, na kicheko kikanikauka. Usiniletee methali ya mficha maradhi, naijua. Niliwahi hata kuipigia mhuri wa hekima kwenye hotuba ya harusi ya binamu yako. Methali kuijua ni kazi ndogo.

Wa pili ni Athumani. Bado anaendesha, siku hizi analeta mizigo mpaka Goma, na mwezi uliopita gari lake lilikwama siku mbili mpakani Grande Barrière kwa ajili ya karatasi iliyokosewa, na haikuwa yangu. Tukaketi chini ya lori lake tukinywa chai. Nikamwuliza kama Rehema kaolewa.

"Rehema kafanyiwa upasuaji," akasema.

Nikaweka kikombe chini. "Ile imerudi?"

"Ile ilikufa zamani, bwana. Hii ni nyingine. Hapa mbele, kwenye tezi la koo. Wanasema ndipo mionzi ilipopita."

Nikamwuliza kama yuko hai. Wakati namwuliza sikuwa namfikiria Rehema. Akacheka, akasema yuko hai kuliko yeye, ana kovu tu kama mkufu na anaringa nalo. Uvimbe aliugundua mwenyewe ukiwa mdogo. Athumani alikuwa amemwambia kila kitu tangu darasa la saba, akampa na barua ya hospitali, na binti kila mwezi hujipapasa shingo na kifua kama mtu anayetafuta funguo. Alipogusa kigumu kisichokuwepo mwezi uliopita, hakungoja. Aliingia kwa daktari na barua mkononi, akasema, "Mimi nilipigwa mionzi hapa nikiwa mtoto." Daktari hakumwambia ngoja tuone, hakumpa dawa ya mafua.

"Na wa kwako?" Athumani akaniuliza.

"Wa kwangu hajambo."

"Sijauliza hajambo. Nimeuliza anajua?"

Nikasimama, nikasema nakwenda kuangalia karatasi za lori lake. Hazikuwa hata karatasi zangu.

Hayo ndiyo yaliyopita. Sasa nisikilize kidogo kuhusu yajayo, kisha nitakuacha. Si hukumu niliyokuandikia. Rehema na wewe mlilala wodi moja na miili yenu ni miwili. Huenda ukafika miaka themanini ukafa kwa ubishi. Daktari alisema wengi haiwapati, nami nategemea neno hilo kila siku ninapokuona unapita mlangoni. Lakini ijue shingo yako na yajue matiti yako kama unavyojua mifuko ya koti lako. Ngozi ya kifuani ambapo mionzi iliingia, itazame. Ukichoka uchovu usioelezeka, ukitokwa na madoa mahali usipojigonga, waambie wapime damu. Kikitokea kitu, usikae nacho hata kwa sababu ya mtihani. Huko Butare kuna hospitali na madaktari wanaofundisha. Katika wiki zako za mwanzo tafuta mmoja, mwambie hujatazamwa miaka kumi na moja na kosa si lako. Na sigara usiguse. Hilo ningekuambia hata kama ungeugua surua.

Kuhusu atakayekuja kukuposa, nilikuwa nimeandika nusu ukurasa wa ushauri, nimeuchana. Nimeshakuamulia ya kutosha. Utamwambia au hutamwambia, utachagua siku na maneno. Kama atakimbia, nitasikitika kwa siku mbili hivi, kisha nitafurahi kwamba amekimbilia mbali.

Naogopa, Devota. Nimeandika kurasa zote hizi kwa sauti ya ofisini kwa kuwa ndiyo sauti ninayoiweza, lakini naogopa. Naogopa kwamba kipo kitu sasa hivi shingoni mwako nilichokilea kwa ukimya wangu. Naogopa pia kwamba ukimaliza kusoma hutaniamini tena, hata nikikuambia mvua inanyesha. La kwanza likitokea, tutapambana nalo kwa madaktari na kwa miguu yangu. La pili sina dawa yake. Nakuomba msamaha, na siuombi ili unipe kesho.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi mbili. Moja ni barua ya hospitali ya Dar, ina jina kamili la ugonjwa, mahali mionzi ilipopita, kiasi chake, na majina ya dawa. Miaka yote imekaa kwenye sanduku langu la bati, chini ya matamko yaliyofungwa. Ni yako. Popote utakapotibiwa, itangulie mbele yako. Ya pili ni ile tiketi ya treni yenye maneno ya daktari nyuma yake, kwa mwandiko wangu, ili ujue kwamba nilisikia.

Na wino. Hukuota. Walikuchora, kwa wino wa zambarau, mistari miwili shingoni na msalaba mdogo kifuani, ili mashine ijue pa kupiga, na nesi akakukataza kuiosha. Wewe na Rehema mlikuwa mkishindana nani kachorwa mistari iliyonyooka zaidi. Yako ndiyo iliyonyooka. Uliniuliza hata wakati ule kwa nini jirani yetu aliyeugua TB hakuchorwa, nikakujibu TB ziko aina nyingi. Ulikuwa na miaka minane na ulikuwa umeshanikamata.

Fomu nimeiweka juu ya begi lako pamoja na barua hii. Sikuisaini. Kata ule mstari, kata mmoja tu, usioficha kilichokuwa kimeandikwa chini, ndivyo tunavyorekebisha tamko. Juu yake uandike kwa mkono wako. Gari lenu linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mimi kuanzia saa kumi na moja nitakuwa nimekaa barazani, na kalamu ninayo. Ukipita nayo nitasaini. Ukipita bila kuileta, umeshakuwa mtu mzima na unaweza kuisaini mwenyewe, nami nitakubebea begi hadi kituoni bila kukuuliza kitu, hata habari ya miwani.

Baba yako